Je, Wajua? Talaka iliyopita kwa kura 9,114

Ireland iliruhusu talaka kwa tofauti ya kura 9,114 tu, Novemba 24, 1995. Waliopiga kura walizidi milioni 1.6! Katiba yao ilikuwa imeikataza tangu 1937, na mwaka 1986 watu 63 kwa kila 100 walisema hapana.

Mwaka 1995 tabaka lilijionyesha sandukuni. Mitaa ya wafanyakazi jijini Dublin ilisema ndiyo kwa wingi. Vijijini magharibi, hapana. Mkulima aliogopa shamba la baba yake lisije likakatwa vipande viwili, kimoja kiondoke na mke. Siku ya kura mvua kubwa iliwanyeshea hao hao wa magharibi. Wapo wanaoapa kwamba ni mvua iliyoamua.

Malta ilifuata Mei 2011: ndiyo 53 kwa 100, ingawa kisiwa cha Gozo kilikataa.

Na sisi wa Kanyabayonga, huku Kongo? Desemba 2005 Wakongo waliulizwa kuhusu katiba, si talaka. Talaka ni kazi ya hakimu, kwa Sheria ya Familia ya 1987. Sheria hiyo hiyo inadai mahari, ambayo kwa Wanande tangu zamani huhesabiwa kwa mbuzi.