Kivinjari Kinachosahau: Siri za Wateja Katika Saiba za Mombasa Bara

Kila mteja wa saiba anapoingiza nenosiri lake la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au la KRA, mamlaka ya kodi, kisanduku kidogo hujitokeza juu ya ukurasa kikiuliza kama nenosiri hilo lihifadhiwe, na swali hilo dogo lina uzito mkubwa kwa wakazi wa Magongo, Mtongwe na Bamburi wanaotegemea kompyuta isiyo yao kuomba pasipoti, cheti cha tabia njema au kuwasilisha ritani za kodi. Mara nyingi anayeshika kipanya wakati huo ni mhudumu, huku foleni ikimsubiri, naye akikubali kwa haraka, akaunti ya mteja hubaki wazi kwa yeyote atakayekalia kiti hicho kesho.

Kwa mhudumu anayeijua kazi yake na kumjali mteja, kivinjari chema, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni kile kinachojua kusahau. Ndiyo sababu LibreWolf humvutia. Hilo ni chipukizi la Firefox, maana yake ni programu iliyotokana na msimbo ulio wazi wa Firefox, ikabadilishwa na kuendelezwa na kundi jingine la watu. Halitoi kile kisanduku cha kuhifadhi nenosiri. Halipeleki kwa Mozilla, waundaji wa Firefox, takwimu za matumizi. Na linapofungwa hufuta historia pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha ili imtambue mgeni akirudi. Mteja aliyeondoka bila kutoka kwenye akaunti yake hutolewa na kule kufungwa kwenyewe, na hapo ndipo ulipo utu wa mpangilio huo, kwa kuwa humlinda hata asiyejua kwamba anahitaji kulindwa. Hata hivyo ni lazima programu ifungwe kweli, ilhali katika saiba yenye shughuli nyingi huenda ikaachwa wazi tangu asubuhi hadi jioni. Tena nakala ya kitambulisho iliyopakuliwa ili ichapishwe hubaki ndani ya folda yake, na kufunga kivinjari hakuiondoi.

Tatizo la machipukizi ni utunzaji. Mozilla hutoa toleo jipya la Firefox takriban kila wiki 4, likiziba mianya ya usalama, na chipukizi hulazimika kulisubiri kabla ya kutoa lake. Isitoshe, kwenye Windows LibreWolf halijisasishi lenyewe mpaka programu ya ziada ya kazi hiyo iwekwe. Mull, chipukizi la Firefox kwa simu za Android, liliachwa na watunzaji wake Desemba 2024. Kwa hiyo Firefox ya kawaida, iliyopangwa mara moja na mhudumu makini ili ifute kila kitu ikifungwa na isihifadhi nenosiri, ni salama kuliko chipukizi ambalo hakuna anayelisasisha. Chipukizi hufaa pale penye mtu wa kulitunza.

Kumlinda mteja ni takwa la sheria pia: kifungu cha 41 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka ulinzi wa data uwe sehemu ya mfumo tangu mwanzo, pasipo kumsubiri mhusika auombe. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2021 zimeisamehe kwa jumla biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 wajibu wa kujisajili, lakini hazikuisamehe wajibu wa kulinda data. Ni nani basi atakayefika Mtongwe kumfundisha mwenye saiba wajibu huo, na nakala ya kitambulisho iliyosahaulika katika folda ile iko mikononi mwa nani mbele ya sheria?