Fahamu: Kuiona hatari kabla haijafika

Kijana aliyepata leseni juzi anajua kubadili gia. Je, anajua kuisoma barabara?

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye njia ya Moshi kwenda Marangu, mpira ukichomoza kutoka migombani, huenda mtoto anaufuata: toa mguu kwenye mafuta kabla hujamwona. Daladala imesimama? Tarajia abiria kukatiza mbele yake. Mteremko mkali? Shuka na gia namba mbili, breki zisichemke.

Uingereza imekuwa ikipima uwezo huu wa kuiona hatari mapema kwa video tangu 2002. Hapa kwetu, mwalimu aanze na swali moja, tena na tena: “Unaona nini, na nini kitafuata?”