Gari likichemsha, kwa nini dereva anawasha hita?

Gari linapanda mlima wa Kitonga, Iringa, jua kali. Dereva anazima kiyoyozi, anawasha hita. Abiria wananung'unika, lakini dereva anajua anachofanya.

Hita ya gari haina moto wake. Maji ya rejeta huzunguka ndani ya injini yakibeba joto, na sehemu yake hupita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Feni ikipuliza hapo, hewa ya moto inawajia abiria. Joto hilo limetoka kwenye injini.

Kiyoyozi ni kinyume. Kompresa yake huzungushwa na injini kwa mkanda, ikikandamiza gesi. Gesi hiyo hutoa joto mbele ya rejeta, kisha hupoa ikipanuka na kunyonya joto la ndani ya gari. Injini inaongezewa mzigo, na rejeta inapulizwa na hewa ambayo tayari ni ya moto.

Kwa hiyo mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita na feni hadi mwisho, fungua madirisha, tafuta pa kuegesha salama. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini imechemsha, huenda maji yamepungua: simama, zima injini.

Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Maji yana presha, yatakurukia na kukuunguza. Subiri ipoe kabisa, ndipo uongeze maji.