Kikande hana bei sokoni, lakini ndiye mlinzi wa tafi

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani na ami yangu, mvuvi wa madema tangu ujana wake. Siku hiyo alirudi na tafi wanane tu, wote wadogo kuliko kiganja. "Mwanangu, bahari imeisha," akasema. Nikamwambia, "Ami, bahari haijaisha. Chakula chake ndicho kimekatika njiani." Akanitaka nimweleze. Niliyomweleza yeye, leo nawaeleza nanyi.

Nguvu iliyomo ndani ya samaki chanzo chake ni jua. Mwani, nyasi za bahari na vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho huchukua mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni, vikajitengenezea chakula. Mnyama hawezi kazi hiyo, lazima ale. Vidudu vya majini hula vijimea, simu hula vidudu, na nguru hula simu. Huo ndio mnyororo wa chakula.

Lakini kila anayepokea hutumia sehemu kubwa kabla ya kuliwa yeye. Samaki huogelea, hupumua na hukimbia adui, na nguvu hiyo hupotea kama joto, hairudi tena. Mwaka 1942 mwanasayansi wa Marekani, Raymond Lindeman, alichapisha utafiti wake wa ziwa dogo huko Minnesota, akaonyesha jinsi nguvu inavyopungua kila ngazi. Kipimo kinachofundishwa mashuleni ni kwamba takriban asilimia 10 tu ndiyo huvuka kwenda ngazi ya juu, ingawa huzidi au hupungua kulingana na mahali.

Tufanye hesabu ya dukani. Kilo 1,000 za vijimea hulisha kilo 100 za vidudu, vidudu hivyo hulisha kilo 10 za simu, na simu hao kilo moja ya nguru. Hii ni sababu moja ya simu kujaa ndoo huku nguru tukimnunua kwa kipande. Tafi anakula mwani na nyasi moja kwa moja, yuko ngazi ya pili tu. Kwa hesabu hiyo, bahari yaweza kulisha tafi wengi kuliko nguru.

"Basi mbona tafi wameadimika?" ami akauliza.

Kwanza tumewavua sana, tena wachanga. Pili, baharini hakuna mnyororo mmoja. Kuna minyororo mingi iliyofungamana kama uzi wa jarife. Ukikata fundo moja, pengine shimo linatokea upande wa pili. Mfano ni kikande, yule samaki mwenye ngozi ngumu na meno makali. Chakula chake kimojawapo ni wale viumbe wa mviringo wenye miiba, wanaotudunga miguu tukienda mwambani maji yakitoka. Kikande akivuliwa akaisha, wenye miiba huzaana bila adui. Nao hula mwani na nyasi zilezile za tafi, na hukwangua matumbawe. Nguvu ya jua bado inaingia baharini, lakini inaishia kwenye miiba ambayo hatuili.

Haya si maneno ya barazani tu. Watafiti wamelinganisha miamba yetu inayovuliwa na ile ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968. Ndani ya hifadhi kikande wapo na wenye miiba ni wachache. Nje, mambo ni kinyume.

Ami alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na siku nikipata kikande peke yake, nimrudishe majini, watoto wale nini?" Sikuwa na jibu jepesi, na sitajifanya ninalo. Mwenye njaa hahubiriwi. Ila mvuvi mmoja akimrudisha kikande huku jirani anaburura juya la matundu madogo, ni kazi bure. Jambo hili ni la kukubaliana bandari nzima, wavuvi, wachuuzi na sisi wanunuzi tunaopigania tafi wachanga kwa kuwa ni rahisi.

Ami hakuniahidi kitu. Alipoinuka kwenda magharibi, aliniuliza tu kikande huchukua muda gani kukua.