Mwindaji wa Baharini Atumiaye Sikio

Wasomaji wetu wa Komanda, kwenye njia panda ya Bunia, Beni na Mambasa, hawana bahari. Samaki wao hutoka Ziwa Albert, kwa wavuvi wa Kasenyi na Tchomia. Lakini wanaujua vema uwindaji wa Wambuti katika msitu wa Ituri: wanaume hutandaza nyavu, wanawake na watoto huwafukuza wanyama kwa kelele hata wanaswe. Basi na tuwasimulie habari za mwindaji mwingine afanyaye karibu vivyo hivyo, naye ni pomboo.

Pomboo si samaki, ingawa hukaa baharini. Huvuta hewa kwa tundu lililo juu ya kichwa, na humnyonyesha mtoto wake. Katika maji yenye giza macho hayaoni mbali; kwa hiyo hutafuta chakula kwa sauti, kama popo tunaowaona jioni. Hutoa milio mifupi ya haraka kupitia paji lake lenye mafuta. Sauti hukimbia majini mita 1500 hivi kwa sekunde. Ikimgonga samaki, mwangwi hurudi, naye huupokea kwa taya la chini hata ufike sikioni.

Samaki wadogo huenda kundi zima ili adui asijue amshike yupi. Pomboo nao hushirikiana. Kila mwaka, kati ya Mei na Julai, sardini hupita pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Pomboo huwazunguka ubavuni na chini, wakiwasukuma juu hata wawe donge moja. Uso wa bahari ndio wavu wao! Ndipo huingia na kula, na ndege hujitupa kutoka angani.

Lakini mwindaji huyu naye huwindwa. Huko Kizimkazi, Unguja, pomboo waliuawa wawe chambo cha papa hata mwaka 1996. Wageni walioanza kuja kuwatazama mwaka 1992 waliwaonyesha wanakijiji kwamba pomboo aliye hai naye huleta riziki. Hata hivyo wengine bado hunaswa katika jarife. Uzi wake mwembamba hurudisha mwangwi hafifu, na pomboo asipopata kupanda kuvuta hewa, hufa maji. Mvuvi hakumkusudia. Jodari hufuata samaki wadogo, mvuvi hufuata jodari. Ndiyo sababu jarife na pomboo hukutana mahali pamoja.