Pango la Noeli na Pango la Nyumba

Stempu ya posta ni kijikaratasi tu, lakini hubeba hoja kubwa kuliko kimo chake. Kwa stempu, taifa humwambia mgeni asiyelijua: sisi ndio hawa, na hivi ndivyo tunavyotaka kutazamwa. Hivi karibuni nilipokea hapa Githurai 45 bahasha kutoka kwa mwanaisimu mwenzangu wa Austria. Stempu yake ya Krismasi ilionyesha pango la Noeli lililochongwa kwa mbao kwa mtindo wa Baroko, sanaa iliyotamba Ulaya tangu karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 18. Mtoto amelala horini, mama amemwinamia, nao wachungaji wamevaa nguo zenye mikunjo kana kwamba zinapeperushwa na upepo.

Mwanafunzi mmoja niliyemwonyesha alisema kwamba hiyo ndiyo sura halisi ya Bethlehemu. Je, ni kweli?

Si kweli hata kidogo. Tangu Fransisko wa Asizi alipoandaa maonyesho ya kuzaliwa kwa Yesu kule Greccio, Italia, mwaka 1223, kila jamii imeitafsiri habari hiyo kwa lugha ya macho yake. Wachongaji wa milima ya Alps waliwavika wachungaji nguo za wakulima wa vijiji vyao. Mafundi wa Naples, katika karne ya 18, walimweka mtoto katikati ya wachuuzi wa samaki na matunda, walevi wa vilabuni na ombaomba. Hawakuwa wakiichora Palestina. Walikuwa wakisema kwamba jambo hili limetukia kwetu, mtaani petu.

Sisi tumefanya nini? Katika miaka ya 1980 na 1990, Uganda ilitoa stempu nyingi za Krismasi zenye picha za wachoraji wa kale wa Ulaya. Picha hizo ni nzuri, na sanaa njema haina mpaka. Hata hivyo, eneo letu halina upungufu wa mafundi. Wakamba wa Wamunyu wamechonga mbao kwa miongo mingi, na wachongaji wa mawe wa Tabaka, Kisii, wanajulikana mbali. Kinachopungua si mikono bali imani kwamba sura zetu zinastahili kuwekwa penye heshima.

Watafsiri wetu walikuwa wajasiri zaidi. Neno "hori", chombo cha kulishia mifugo, ni lile lile ambalo watu wa pwani huliita mtumbwi mdogo na pia mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Nao Wakatoliki huyaita maonyesho haya "pango", neno linalotukumbusha mapokeo ya tangu karne ya pili kwamba Yesu alizaliwa pangoni. Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu kule Bethlehemu limejengwa juu ya pango hilo.

Lakini Kiswahili kina "pango" jingine: kodi ya nyumba, linalotokana na kitenzi "panga". Haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Hata hivyo, mkaazi wa Githurai 45 hahitaji mwalimu wa isimu kumweleza kwa nini yamekutana. Mtaa huu uliopata jina kwa nambari ya matatu ni mtaa wa wapangaji. Familia changa inayobisha hodi mlango baada ya mlango, mwenye ploti anayetikisa kichwa, mama mjamzito asiye na pa kulala: mambo haya hapa si hekaya ya mbali. Mchongaji wa Naples angeishi Githurai, angemweka mtoto nyuma ya vibanda vya soko, kati ya magunia ya viazi na marobota ya mitumba, na utingo akiwa wa kwanza kuchungulia.

Wapo watakaosema kwamba barua zimekwisha, simu imezimaliza, na stempu haina kazi tena. Nakubali kwamba barua zimepungua. Ila ninachokitetea si biashara ya posta bali mazoea ya mtoto kujiona ndani ya habari anazofundishwa. Mwaka 1966 Uingereza ilitoa stempu zake za kwanza za Krismasi, na michoro yake miwili ilitoka kwa watoto wa miaka sita. Mmoja wao, Tasveer Shemza, mwenye baba kutoka Pakistani, alichora mfalme mwenye taji. Ikiwa taifa lile liliwaamini watoto, sisi twaogopa nini?

Basi, walimu wenzangu, muhula wa tatu uwapapo, wapeni wanafunzi karatasi yenye ukubwa wa stempu. Waambieni wachore pango bila kunakili kadi yoyote ya dukani. Kisha waulizeni swali moja tu: mtoto huyu angezaliwa mtaani kwenu usiku wa leo, nani angemfungulia mlango? Shirika la Posta nalo likiichapisha michoro iliyo bora, itakuwa heri.