Je, wajua "ti" inapokaribia "totoro"?

Sufuria ya kuni haiwi nyeusi tu. Ni nyeusi ti. Silabi hiyo moja ndiyo kipimo cha Mswahili cha weusi uliokolea, kama pe ilivyo kwa weupe na ndu kwa wekundu. Kivumishi hugeuka kufuata ngeli: chungu cheusi, mawingu meusi, paka mweusi. Ti haigeuki. Anayetaka kuikoleza zaidi huirudia tu: tititi.

Totoro ni jirani yake, ila makazi yake ni gizani. Giza huwa totoro, sufuria haiwi. Ti ni ya kitu unachokiona, totoro ni ya mahali usipoona kitu.

Fizikia nayo inapita njia hiyohiyo. Giza totoro ni mahali pasipo mwanga wa kutosha kufika jichoni. Kitu cheusi ti huangukiwa na mwanga, kikaumeza karibu wote na kurudisha kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kinachotuonyesha umbo lake.

Tazama kiini cha mpingo, mti ambao Wamakonde huuchongea vinyago na mafundi wa ala za muziki huutengenezea klarineti. Kikipigwa msasa na kung'arishwa, uso wake laini hurudisha mwanga kidogo kama kioo, ukauona mng'ao juu ya weusi. Masizi hayana mng'ao. Ni chembechembe za kaboni zilizorundikana na kuacha nafasi katikati. Mwanga ukipenya humo hugongagonga huku na huku, na kila unapogonga hupungua.

Wanasayansi waliifuata njia hiyo ya masizi, lakini kwa mpangilio. Waliotesha mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara, ikasimama wima kama nyasi za mbugani. Mwaka 2014 kampuni ya Surrey NanoSystems ya Uingereza ilitangaza Vantablack, iliyomeza asilimia 99.965 ya mwanga. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walifikia asilimia 99.995. Karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa, ikipakwa weusi wa namna hii, hupoteza mikunjo yake machoni ikaonekana bapa.

Mwaka huohuo msanii Diemut Strebe, akishirikiana na MIT, alifunika kwa weusi huo almasi ya karati 16.78, yenye thamani ya dola milioni 2. Almasi nayo ni kaboni tupu, ndugu wa masizi. Inasifika kwa kumetameta. Ilipofunikwa, kaboni ilizima kaboni. Kumetameta kukaisha, pakabaki kama tundu jeusi.

Mkono ungeigusa ukasema kitu kipo, ni cheusi ti. Jicho lingeapa kwamba hapo ni totoro.